Wingi wa Maandiko na Mizani ya Isnadi: Kompyuta Imebadilisha Nini Katika Utafiti wa Historia na Fiqhi?

Sifa zote njema zinamstahikia Allah (s.w.), Mola wa walimwengu wote. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), pamoja na ahli zake, Masahaba zake na wote waliowafuata kwa wema. Ama baad.

Ndugu msomaji, ni nani kati yetu asiyeijua ile hadithi inayohimiza kutafuta elimu hata kama ni China? Tumeikuta katika kuta za madrasa, tumeisikia katika hutuba na katika mahafali. Mwanafunzi akiiandika leo katika programu ya kompyuta yenye maelfu ya vitabu vya Kiarabu, kabla hajainua kikombe chake cha chai atakuwa ameletewa orodha ndefu ya vitabu vilivyoitaja, vya hadithi, vya adabu, vya tasawwuf na vya historia. Kama hana mwalimu, atasema: "Hadithi iliyomo katika vitabu vyote hivi itakosaje kuwa sahihi?"

Maulamaa walikwisha kulijibu swali hilo karne nyingi kabla ya kompyuta. Ibn Hibban (aliyefariki 354 H / 965 M) aliihukumu kuwa ni batili. Al-Bayhaqi (458 H / 1066 M) alisema matini yake ni mashuhuri lakini isnadi yake ni dhaifu. Ibn al-Jawzi (597 H / 1201 M) akaitia katika kitabu chake cha hadithi za kuzushwa. Sababu ni kwamba njia yake iliyo mashuhuri inamzunguka mtu mmoja, Abu Atika, akidai kuipokea kutoka kwa Anas bin Malik (r.a.), na Imam Bukhari alimsema Abu Atika kuwa ni munkarul-hadith. Njia nyingine zilizotajwa zina wapokezi waliotuhumiwa uongo. Basi vitabu arubaini vikimnukuu mtu mmoja, hatuna mashahidi arubaini. Tunaye shahidi mmoja aliyenakiliwa mara arubaini.

Mfano huu ndio kiini cha makala yetu. Katika miaka hii, maandiko mengi mno yamewekwa wazi kwa kila mtu, na watafiti wa vyuo vikuu wanayachambua kwa mashine. Je, jambo hili limeibadilisha elimu kwa kiasi gani? Na je, limeiondolea haja mizani ya wanavyuoni wetu wa zamani, au limeizidisha?

WINGI HAUKUANZA LEO

Wengi hudhani kwamba tatizo la kuwa na habari nyingi kuliko uwezo wa mtu mmoja limekuja na kompyuta. Sivyo. Imepokewa kwamba Imam Bukhari (194–256 H / 810–870 M) aliichagua Sahihi yake kutoka katika hadithi laki sita. Wapo wanaoishika idadi hii ili kuitia shaka Sunna, wakauliza: mtu mmoja atasemaje maneno laki sita katika miaka 23 ya utume? Jawabu ni kwamba muhaddithina walikuwa wakihesabu njia za upokezi. Matini moja ikipokewa kwa njia kumi, kwao hizo ni hadithi kumi.

Tazama pia idadi ya hadithi zilizomo katika Sahihi yenyewe. Ibn al-Salah (643 H / 1245 M) alitaja 7,275 pamoja na zinazokaririwa, na 4,000 bila ya kukariri. Ibn Hajar al-Asqalani (773–852 H / 1372–1449 M), aliyeishi na kitabu hicho kwa miaka mingi, alihesabu 7,397 pamoja na zinazokaririwa, na 2,602 bila ya kukariri. Kitabu ni kilekile. Kilichotofautiana ni namna ya kuhesabu. Basi mtu akituletea idadi kubwa, swali la kwanza la mwanafunzi wa elimu ni hili: kimehesabiwa nini?

Wanavyuoni hao walitengeneza na vyombo vya kuuendesha wingi huo. Al-Mizzi wa Damascus (654–742 H / 1256–1341 M) aliandika Tahdhib al-Kamal, kitabu kilichochapwa katika zama zetu kwa majalada 35. Ndani yake kila mpokezi ametajiwa masheikh wake, wanafunzi wake na yale yaliyosemwa juu yake. Kisha akaandika Tuhfat al-Ashraf, akazipanga hadithi za Vitabu Sita kwa kufuata Sahaba aliyezipokea, na chini yake wale waliopokea kutoka kwake. Baadaye Ibn Hajar, katika Taqrib al-Tahdhib, alimfupisha kila mpokezi kwa mstari mmoja au miwili: jina lake, daraja yake kati ya daraja 12 za kukubaliwa na kukataliwa, tabaka lake kati ya matabaka 12, na herufi za alama, khaa kwa Bukhari, mim kwa Muslim, ayn kwa aliyemo katika vyote sita. Anayefanya kazi za kompyuta akikifungua kitabu hiki atakitambua mara moja, kwani ni jedwali lililo tayari, tena limeandikwa kwa kalamu ya mwanzi.

KUTOKA KADI ZA KARATASI HADI KOMPYUTA

Katika karne ya 20, kazi ya kutengeneza faharasa iliendelea kwa mkono. Mustashriki wa Kiholanzi, A. J. Wensinck, alianzisha faharasa ya maneno ya hadithi iitwayo al-Mu'jam al-Mufahras. Majalada yake saba yalitoka Leiden kati ya 1936 na 1969, na la nane likafuata mwaka 1988. Wensinck mwenyewe alifariki mwaka 1939, hakuuona mwisho wake. Mmisri Muhammad Fuad Abd al-Baqi (1882–1968) naye alituachia faharasa ya maneno ya Qur'ani ambayo masheikh wetu wengi wanayo hadi leo. Kazi hizo zilimaliza umri wa watu.

Kisha ikaja kompyuta. Sheikh Muhammad Mustafa al-A'zami, aliyetunukiwa Tuzo ya Mfalme Faisal mwaka 1980, alikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kuziingiza hadithi katika kompyuta. Miaka ya 1990 zikaenea sidii za vitabu vya hadithi. Kuanzia mwaka 2005, programu ya al-Maktaba al-Shamila ikagawiwa bure, na vitabu vyake vimeendelea kuongezeka hadi kufikia maelfu. Jambo hili tusilidharau. Kabla ya hapo, mwanafunzi wa Tanga au Kigoma aliyetaka kukiona kitabu cha majalada 35 alilazimika kusafiri, au kumngoja atakayesafiri. Leo kimo mfukoni mwake.

Watafiti wa vyuo vikuu wamelichukua jambo hili mbele zaidi. Upo mradi ujulikanao kama OpenITI, ulioanzishwa na watafiti watatu, Maxim Romanov, Sarah Bowen Savant na Matthew Thomas Miller. Wamekusanya matini za Kiarabu, nyingi zikitoka katika maktaba za kompyuta zilizotengenezwa na Waislamu wenyewe, wakazisafisha, wakazipanga na kuziweka wazi kwa yeyote. Mkusanyiko huo umevuka maneno bilioni moja. Linalopendeza ni namna wanavyoyaita mafaili yao. Jina la kila faili huanza na mwaka wa kufa mwandishi kwa Hijria, kwa hiyo kitabu cha al-Tabari huanza na 0310, mwaka aliofariki. Mashine ya karne ya 21 imelazimika kurudi kwenye elimu ya wafayat, yaani tarehe za vifo, ambayo muhaddithina waliitumia kuwafichua waongo. Mtu akidai amepokea kwa sheikh fulani, huulizwa umezaliwa lini, na sheikh wako alifariki lini.

KISA CHA MUSANNAF

Je, kuwepo kwa maandiko mengi kunaweza kubadilisha hukumu za vyuo vikuu? Ndiyo, na mfano wake unagusa fiqhi moja kwa moja.

Mwaka 1950, mustashriki Joseph Schacht alichapisha kitabu juu ya asili ya sheria ya Kiislamu. Alidai kwamba hadithi nyingi za hukumu zilitungwa katika karne ya pili ya Hijria, kisha zikavishwa isnadi za kurudi nyuma hadi kwa Masahaba na Mtume (s.a.w.). Moja ya hoja zake kubwa ilikuwa ni hoja ya ukimya. Alisema kwamba ikiwa wanavyuoni wamejadiliana juu ya mas'ala na hakuna aliyeitoa hadithi ambayo ingeukata mjadala, basi hadithi hiyo ilikuwa bado haijakuwepo. Vyuo vingi vya Magharibi viliyapokea maneno haya kama msingi. Sheikh al-A'zami tuliyemtaja alimjibu kwa utafiti aliouandika Cambridge na kuuchapisha mwaka 1968.

Kati ya 1970 na 1972, ikachapwa Beirut Musannaf ya Abd al-Razzaq al-San'ani (211 H / 827 M), kwa tahakiki ya mwanachuoni wa Kihindi Habib al-Rahman al-A'zami. Huyu si yule wa kwanza, bali ni mtu mwingine mwenye nisba ileile. Musannaf ni kitabu cha majalada 11 chenye hadithi na kauli za Masahaba na Tabiina zaidi ya elfu 20. Schacht alipoandika, hakuwa nacho katika chapa.

Mjerumani Harald Motzki, ambaye si Muislamu, alifanya kazi ya subira. Alichukua sehemu ya kitabu hicho, mapokezi 3,810, akahesabu kila moja limetoka kwa nani. Akaona kwamba kiasi cha asilimia 32 ni ya Ma'mar bin Rashid, 29 ya Ibn Jurayj, 22 ya Sufyan al-Thawri, 4 ya Sufyan bin Uyayna, na yaliyobaki yametawanyika kwa watu wengi. Akaendelea kuchunguza kila mmoja wao alipokea kwa nani. Kila mmoja akaonekana ana sura yake. Ibn Jurayj wa Makka (150 H / 767 M) anapokea sana kwa Ata bin Abi Rabah, lakini mara nyingi anachonukuu ni rai ya Ata tu, wala si hadithi. Mara anamuuliza swali, na mara anakiri kwamba hana hakika na tamko. Motzki akauliza: mzushi atazuaje hivi? Anayetunga isnadi ili apate nguvu hatamnyanyua sheikh wake kisha akakiri kwamba maneno ni rai yake mwenyewe, hali angeweza kuyafikisha kwa Mtume (s.a.w.). Katika kitabu chake cha mwaka 1991 akahitimisha kwamba mapokezi haya yanaakisi kweli mafundisho ya Makka mwishoni mwa karne ya kwanza na mwanzoni mwa ya pili. Nguzo muhimu ya Schacht ikatikisika.

Tuwe waadilifu hapa. Motzki hakusema kwamba kila kilichomo katika Musannaf ni sahihi, wala sisi hatumngojei yeye ili tuijue Sunna. Ndani ya Musannaf mna sahihi na mna dhaifu, kama maulamaa walivyobainisha. Alichofanya ni kuonesha kuwa nadharia iliyojengwa juu ya vitabu vichache huweza kuanguka kikitokea kitabu kimoja kikubwa kilichowekwa wazi kwa wasomaji.

MASHINE NA VITABU VYA TARIKHI

Alichofanya Motzki kwa kadi na kalamu, watafiti wa leo wanakifanya kwa programu juu ya vitabu vingi kwa pamoja. Mradi uitwao KITAB, katika Chuo Kikuu cha Aga Khan mjini London, uliofadhiliwa na Baraza la Utafiti la Ulaya kuanzia 2018, umetumia programu inayolinganisha vitabu na kuonesha ni wapi kitabu kimoja kimechukua maneno ya kingine. Kwamba Ibn al-Athir (630 H / 1233 M) alimtegemea al-Tabari (310 H / 923 M) si siri, kwani mwenyewe amelieleza katika utangulizi wa al-Kamil. Lakini kuona ukurasa kwa ukurasa ni nini alichukua, nini alifupisha na nini aliacha, ni kazi ambayo zamani ingemchukua mtu miaka. Vivyo hivyo Sira ya Ibn Ishaq (150 H / 767 M), ambayo asili yake haikutufikia kamili. Tunaisoma kupitia Ibn Hisham, al-Tabari na wengineo, na kuwalinganisha kunatusaidia kujua kila mmoja alishika nini.

Maxim Romanov naye, katika utafiti wake wa udaktari wa mwaka 2013 katika Chuo Kikuu cha Michigan, alikichambua kwa kompyuta Tarikh al-Islam cha Imam al-Dhahabi (673–748 H / 1274–1348 M), chenye tarjama za watu zipatazo 30,000 katika karne saba. Alizifuata nisba zao, yaani majina ya miji, kazi na madhehebu, ili aone miji gani ilipanda na ipi ilishuka, na akawatazama kwa makusudi wahubiri na watoa mawaidha. Kazi hii iliwezekana kwa kuwa al-Dhahabi alikuwa amekwisha kuifanya kazi ngumu zaidi, ya kumwandika kila mtu kwa jina, nisba, masheikh na mwaka wa kufa.

MITEGO MITATU

Mtego wa kwanza ni majina. Wanavyuoni wa mustalah wametaja kwamba ikisemwa "Abdullah" bila ya jina la baba, basi Madina ni Ibn Umar, Kufa ni Ibn Mas'ud, Basra ni Ibn Abbas, Makka ni Ibn al-Zubayr, na Khurasan ni Ibn al-Mubarak. Tena katika baadhi ya miji hiyo wametofautiana. Mashine inaona herufi zilezile, na mwanachuoni anaona watu watano. Al-Khatib al-Baghdadi (463 H / 1071 M) aliandika kitabu kizima juu ya wapokezi walioshirikiana majina. Tumeona hapo juu namna A'zami wawili wa zama zetu wanavyoweza kumchanganya mtu.

Mtego wa pili ni nukta. Nukta moja ikikosewa, jina linakuwa la mtu mwingine. Makosa haya maulamaa waliyaita tas-hifu, na wakayatungia vitabu. Matini za kompyuta zimechapwa na watu wanaochoka au zimesomwa na mashine zinazokosea. Nyingine hazitaji zimetoka katika chapa gani, wala nani aliyeihakiki. Matini isiyo na habari hizi ni sawa na hadithi isiyo na sanad. Huenda ikawa sawa, lakini haijengewi hukumu mpaka irudishwe kwenye kitabu chenyewe.

Mtego wa tatu ndio mkubwa zaidi, nao ni ukimya. Kijana anatafuta mas'ala katika programu, hakuti kitu, kisha anasimama msikitini na kusema: "Hakuna mwanachuoni yeyote aliyewahi kusema hivi." Katika usuli wa fiqhi upo msingi mashuhuri kwamba kutokukipata kitu si dalili ya kutokuwepo kwake. Ibn al-Nadim aliandika al-Fihrist mwaka 377 H / 987 M, na vingi katika vitabu alivyovitaja humo vimepotea. Vilivyobaki, vingi ni maandiko ya mkono yasiyochapwa. Na hata katika vilivyochapwa, aliyeviingiza katika kompyuta amechagua anachokijali na kuacha asichokijali. Kijana huyo amelirudia kosa lilelile la Schacht bila ya kujua.

NA PWANI YETU JE?

Hapa ndipo jambo hili linapotugusa sisi. Katika hiyo bahari ya maneno, wako wapi masheikh wa Lamu, Mombasa, Unguja, Barawa na Ngazija? Wachache mno. Mwaka 1972, Sheikh Abdallah Saleh Farsy (1912–1982) alichapisha Baadhi ya Wanavyuoni wa Kishafi wa Mashariki ya Afrika. Ni kitabu cha tarjama kwa Kiswahili, chenye kutaja nani alisoma kwa nani, kama walivyofanya waliotangulia. Kama si kalamu yake, minyororo mingi ya elimu ya pwani hii ingezikwa na waliokuwa wakiihifadhi vifuani. Lakini ni wangapi walioandika baada yake kwa mtindo huo? Na wale wa bara, wa Tabora, Ujiji na Bagamoyo, nani amewaandika wote?

Jambo la kutia moyo limefanyika Lamu. Katika miaka ya 2010, maandiko ya mkono ya Msikiti wa Riyadha yalipigwa picha chini ya mpango wa Maktaba ya Uingereza wa kuokoa hifadhi zilizo hatarini, yakawekwa wazi katika intaneti. Hata hivyo, Oktoba 2023 Maktaba ya Uingereza ilishambuliwa na wahalifu wa kompyuta, na huduma zake nyingi za intaneti zikazimika kwa muda mrefu. Tumepata funzo kwamba kilicho wazi leo kwa mkono wa mwingine huweza kufungwa kesho. Nakala ya nyumbani haina badala.

Kwa hiyo, ndugu imamu, na wewe mwanafunzi, ikiwa katika sanduku la marehemu babu yako mna nuskha, ijaza au barua za kielimu, usizitie moto kwa kuzidhania taka, wala usimuuzie mpita njia. Zipige picha kwa mwanga mzuri, kila ukurasa, hata ulio mtupu na hata wenye maandishi ya pembeni. Kisha andika kitabu ni cha nani, kimetoka nyumba gani, kilinakiliwa na nani na mwaka gani, na nani alikuhadithia habari hizo. Maelezo hayo ndiyo sanad yake. Picha elfu zisizo na maelezo hazitamfaa mtafiti wa kesho.

HITIMISHO

Allah (s.w.), katika Suratul-Hujurat aya ya 6, ametuamrisha tuhakikishe habari anapotujia nayo mtu fasiki, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Amri hiyo haikubagua habari iliyoletwa kwa mdomo, kwa karatasi au kwa kioo cha simu.

Kompyuta imetukaribisha vitabu, na kumshukuru Allah kwa neema hiyo ni wajibu. Imewawezesha watafiti kuuliza maswali ambayo umri wa mtu mmoja haukuyatosha, na imevunja baadhi ya shubha zilizodumu vyuoni miaka mingi. Lakini inajibu swali moja tu: "Maneno haya yako wapi?" Swali la "nani kayasema, kayapokea kwa nani, naye ni mtu wa namna gani" bado linamngoja mtu aliyesoma. Basi ukiandika tamko na ukaletewa vitabu arubaini, usihesabu vitabu kwanza. Fuata kila isnadi hadi zinapokutana. Zikikutana kwa mtu mmoja, simama hapo umuulize khabari zake al-Mizzi na Ibn Hajar. Kisha, kabla hujapanda mimbari, mpelekee sheikh wako.

Wallahu aalam. Wabillahi tawfiq.